Chikanda Iliyopita Forodhani

Sisi tuliokulia Bel-Air kabla simu haijajua njia ya kuingia mfukoni, tulikuwa tunaamka na kazi nyingi kuliko wakubwa. Mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi inakwaruza magoti mpaka yanakuwa meupe kama unga, na bado tuko nje. Wasichana tunasuka nywele za wanasesere wa magunzi ya mahindi. Wavulana wana mpira wa mifuko ya plastiki ambao ukitumbukia kwenye dimbwi unarudi na uzito wa mtoto mchanga. Tunapika majani kwenye mikebe ya sardini, tunakula kwa kujifanya, halafu tunagombana kwelikweli juu ya nani ataosha vyombo. Tumbo nalo linangoja viazi vitamu kutoka majivuni na kikombe cha munkoyo, togwa yetu ya mizizi, na ole wako ukichelewa.

Siku hizi mtoto anakuambia amechoka kukaa, naye amezungukwa na vitu vya kuchaji kila kona ya nyumba. Mimi nilimwambia mama yangu mara moja tu kwamba sina cha kufanya. Akanipa maharagwe ya kuchambua, gunia zima, na tangu siku hiyo sijawahi kukosa cha kufanya.

Lakini mchezo wenyewe, ule wa kuacha chakula mezani, ulikuwa Kasumbalesa. Baba alikuwa dereva wa lori, na kila akirudi kutoka mpaka huo wa Zambia alikuja na hadithi ile ile: mulongo, yaani foleni. Lori mbele, lori nyuma, madereva wanapika kando ya magurudumu na kunyoa ndevu kwenye vioo vya magari. Kaka yangu Papy akaubeba mpaka wote akauleta mtaani kwetu. Alikunja nyaya akapata lori. Magurudumu aliyakata kwenye sapatu zilizozeeka, na mara nyingine kwenye sapatu ambazo mwenyewe alikuwa hajaambiwa kwamba zimezeeka. Usukani ulikuwa waya mrefu unaofika kifuani, na nyuma likafungwa kopo la mafuta lililopasuliwa, la kubebea mzigo. Msichana mwenye lori nilikuwa mimi Mado peke yangu, na injini ilikuwa midomo yangu. Nilinguruma mpaka mate yananifika kidevuni.

Mpaka ulikuwa mtaro wa maji machafu katikati ya avenyu. Juu ya beseni lililopinduliwa alikaa binamu yetu Fiston, ambaye hakuwa na lori kwa sababu ya uvivu wa kukunja waya, na kwa hiyo akawa serikali. Kofia yake ikitazama mbele, yeye ni forodha. Akiigeuza nyuma, ni mtu wa afya. Akiivua kabisa, ni mtu wa mizani. Kila ofisi ilichukua ushuru wake kwenye mzigo, karanga au kipande cha muwa. Sheria hiyo Baba hakuitaja hata siku moja. Ilitoka tumboni mwa Fiston.

Basi wakati huo mdogo wa mama yangu, tantine Béa, alikuwa amepata mchumba. Nilimpenda tantine Béa kuliko mtu yeyote duniani, maana alijua kunisuka bila kunivuta macho. Kabla ya hapo walikuja wageni wa mchumba mwingine, wakala, wakashukuru, wakaondoka, na mpaka leo hawajarudi. Mtaa ulisema sana. Kwa hiyo Kambo, bibi yetu, aliapa kwamba safari hii hakitakosekana kitu. Tena mwenye neno upande wa kijana alikuwa mjomba wake mmoja, baba mwenye shingo nene, ambaye watu walisema alishakataa binti kwa sababu ya supu.

Mama alipika chikanda. Wa kwetu hatuhitaji maelezo, lakini kwa mgeni: ni viazi vidogo vya porini vilivyokaushwa na kusagwa, pamoja na unga wa karanga, pilipili na mkono wenye subira, mpaka kitu kizima kinashikana na kukatwa vipande kama soseji. Ya Mama ilijulikana mpaka ng'ambo ya reli. Aliikata, akaipanga kwenye bakuli lenye mfuniko, akanitwika niipeleke kwa Kambo, mwisho wa avenyu ile ile, ambako wageni wangepokelewa.

"Mado, usisimame mu njia," alisema. "Njia ikikuita, uiambie mama anakuita mbele."

Alisema nisisimame. Hakusema nisipite mpakani. Na Papy aliponiona na bakuli kichwani alishangaa kama mtu aliyeona gari linatembea kwa miguu.

"Muzigo haipitake ku kichwa. Inapita mu kamioni."

Nikalitua. Tukapakia bakuli kwenye lori lake, mimi na lori langu nyuma kama msindikizaji, watoto wengine wakaunga mulongo. Fiston akafunua mfuniko, na nikaona kofia ikimtetemeka kichwani.

"Hii ni muzigo gani?"

"Chikanda, chef. Inaenda ku mariage."

"Mariage yenyewe iko na papiers?"

Ndoa haikuwa na karatasi. Forodha ikachukua kipande. Kofia ikageuka, na mtu wa afya akasema lazima ajue kama mzigo hauna ugonjwa. Akatafuna amefumba macho, akasema hana hakika, achunguze tena. Kofia ikavuliwa, na mtu wa mizani akakuta lori limezidi uzito, lazima lipunguzwe. Nasi madereva, kwa kuwa Baba alituambia kwamba watu wa mulongo hula pale pale barabarani, tulifuata kanuni. Nilishtuka nilipoyaona maua yaliyochorwa ndani, kwenye kitako cha bakuli.

Nilipofika kwa Kambo, wageni walikuwa wameshakaa. Kambo, kwa majivuno, akalipokea bakuli na kulifunua mbele ya yule mjomba. Ndani kulikuwa na kipande kimoja, kimelala pembeni kama yatima. Tantine Béa, kwenye mkeka, aliinamisha kichwa, na nikaona tone linaangukia kitenge chake kipya.

"Mado! Ingine iko wapi?"

"Kambo... tulipita ku Kasumbalesa."

Yule mjomba akageuza shingo yake taratibu. "Mulongo ilikuwa mulefu?"

"Mulefu sana, papa. Na kila saa chef anabadirisha kofia."

Kilichotoka kifuani mwake nilidhani ni ghadhabu. Kumbe ni kicheko, kicheko cha kupiga magoti, mpaka mkewe akamshika asidondoke. Alikuwa ameendesha lori njia ile ile mpaka mgongo ulipokataa.

"Miye nimelala mule mu mulongo, njala ya mule naijua," alisema akifuta macho. Akakimega kile kipande, nusu akampa Kambo. "Kama tunakula kamoja haka pamoja, basi tuko bantu ya nyumba moja."

Béa akaolewa. Mimi, Papy na Fiston tukachapwa, kwa utaratibu, forodha akiwa wa kwanza. Na tangu hapo ukoo wetu ukapata mila yake: siku ya kupokea wakwe, sahani ya chikanda hupita kwanza kwa watoto mlangoni wakate ushuru, ndipo ifike kwa wageni. Isipopungua, hatuiamini ndoa.

Mwaka jana wakaja wakwe wa binti yangu. Nilipika mwenyewe, nikaipitisha sahani mlangoni. Watoto walikuwa wamejipanga ukutani, kila mmoja na kioo cha simu usoni. Mmoja alikuwa anaendesha lori kwa kidole, tena lori zuri, lina taa. Sahani ikapita. Ikafika kwa wageni imejaa, hakuna hata pengo. Wakwe wakasifu. Mimi nilihesabu vipande: vyote vipo.

Tantine Béa, sasa ni kambo mwenye fimbo, aliitazama ile sahani nzima. "Hapana," alisema. "Hii haiyapita douane ya Kasumbalesa. Irudishe."

Akainuka, akanishika mkono. Tukaketi chini kizingitini, wanawake wawili wa kilo zetu, tukanyoosha miguu mpaka mlango ukafungika. Alimvua mjukuu wake kofia, akaivaa ikitazama mbele. Nikaisukuma sahani sakafuni kuelekea kwake, nikinguruma mpaka mate yakanifika kidevuni.

Ukutani, kioo kimoja kikashuka.

"Kambo," sauti ndogo ikauliza, "kama miye niko wa mizani, napata ngapi?"