Muuza Sufuria wa Ng'ambo ya Mto

"Mimi niko Wisconsin, jamani! Kodi ya Minnesota haivuki mto!" Muuza sufuria alijigamba hivyo laivu TikTok, na Chepkemoi, mhasibu wa Plymouth, upande wa Minnesota, na mteja wake, akasonya. Kila sufuria muuzaji huigonga kwa pete mbele ya simu, kisha huinamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Chepkemoi akampigia.

"Kaka, ukiuza mara mia mbili huku Minnesota kwa mwaka, unajisajili kwa kodi ya mauzo hata kama huna duka. Usipojisajili, kodi serikali itakudai wewe, si sisi wateja."

"Hata nikituma kwa posta?"

"Hata ukituma kwa njiwa."

Muuzaji akagonga sufuria, akaisikiliza, sauti ikamtoka nyembamba: "Mia mbili nilishapita tangu Pasaka. Dada yangu, si utanisajili?"

Kujisajili kwenyewe ni bure. Chepkemoi alitoza sufuria tatu kubwa, na mifuniko yake.