Siku Mama Aliposema "Shida Tumezoea"

Harufu ya ndoo ya plastiki iliyokaa juani hunirudisha Tabata, kiangazi nilipokuwa darasa la tano, bomba la mtaa wetu lilipokauka kwa miezi. Ndoo zilipanga foleni tangu alfajiri, kila moja na alama yake. Yetu ilifungwa utepe mwekundu kishikioni. Walipokuja watu wa televisheni, wanawake walimsukuma mama mbele, kwa kuwa alifundisha kwaya na sauti yake haikutetemeka. Aliazima hereni za jirani yetu, Mama Zuhura, akazivaa palepale. Nilisimama ubavuni pake, nikasikia kila neno. "Shida tumezoea," alisema, "lakini hii imezidi. Watoto wanachelewa shule, wagonjwa hawaogi. Tutajieni siku ya kufungua maji." Aliongea mpaka wanawake wakapiga vigelegele.

Jioni sebule ya Mama Zuhura ilijaa mpaka mlangoni. Mama alikuwa amempigia simu hata bibi, Singida, atafute televisheni. Zikaonekana ndoo, kisha uso wa mama na zile hereni. "Shida tumezoea." Basi. Zikafuata habari za mpira.

"Mama Upendo," Mama Zuhura alimwambia mama, "wewe uliyezoea, kesho utuchotee na sie."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, huku akivua hereni moja baada ya nyingine na kuziweka mezani. Nilitaka kusema nilikuwepo, nilisikia yote. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yetu hayakuwepo hata ya kumwagika, yakamwagika maneno. Wiki haikuisha, hata waliompigia vigelegele wakawa wanauliza kwa nini alisema tumezoea.

Leo nina shahada, na maji hutoka mara mbili kwa wiki. Kila barua ya kuomba kazi naisoma sentensi kwa sentensi, nikijiuliza ikikatwa katikati itasemaje. Nyingine hazijatumwa mpaka sasa. Mama, kwenye kikao cha mtaa, mwenyekiti akiuliza nani ana la kusema, hutazama sakafu. Mwezi uliopita nilikaa naye kikaoni, likaja suala la maji. Nilikuwa na sentensi moja, fupi, nikaigeuza kila upande nione wapi inaweza kukatwa. Niliporidhika nayo na kuinua mkono, watu walikuwa wameshasimama kwa sala ya kufunga.