Elfu Tisa Mia Tisa Tisini na Moja

Mimi ni mtu wa kujisifu, na kwenye hisabati nilijisifu kupita kiasi. Nilipohamishiwa Kyela kufundisha darasa la saba, nilitunga mtihani wa kumpata mwanafunzi mmoja wa kutuwakilisha kwenye mashindano na shule za jirani. Swali la mwisho liliuliza: je, 9,991 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Jibu langu lilikuwa ndiyo. Msichana mmoja mkimya aliandika hapana. Nikamkosesha, akaikosa nafasi kwa alama moja.

Wiki moja baada ya mashindano nilikwenda Ngana kununua miche ya kakao ya shamba la shule. Mwenye kitalu alikuwa mama wa yule msichana.

"Ugonile, mwalimu," alinisalimu kwa Kinyakyusa. "Chagua tu, ipo elfu tisa mia tisa tisini na moja."

Damu ilinipanda. Nilidhani binti kamsimulia, sasa napigwa kijembe. Nikamuuliza, kwa sauti isiyo ya mgeni, ni nani aliyehesabu miche yote hiyo.

Alinishangaa. "Nani ahesabu mmoja mmoja, mwalimu? Mistari tisini na saba, kila mstari viriba mia na tatu. Kule migomba, huku mfereji, ndivyo vilivyoenea katikati. Mche ukifa tunatia mwingine palepale."

Nilihesabu mistari kwa kidole, mara mbili. Kisha nikainama nikahesabu viriba, vile vifuko vya miche, vya mstari mmoja. Nikakaa kwenye tope na suruali yangu ya kazini.

Kila mwaka nawaambia watoto: namba isiyofika elfu kumi, ijaribu kwa namba tasa zote zilizo chini ya mia, basi umemaliza. Mimi nilianza na mbili, nikafika themanini na tisa, nikachoka, nikafunga daftari. Ilikuwa imebaki moja tu, tisini na saba. Na hata bila kujaribu, elfu kumi kutoa tisa ni mia kwa mia kutoa tatu kwa tatu, yaani mia kutoa tatu, mara mia kujumlisha tatu: tisini na saba kwa mia na tatu. Hilo nilifundishwa nikiwa kidato cha pili. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Binti alikuwa akimwagilia. Nikamwita, nikamwambia kosa lilikuwa langu, nafasi ile ilikuwa yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, tukarekebisha kabla ya mashindano.

Aliweka ndoo chini. "Nilikuambia, mwalimu. Siku uliporudisha karatasi nilisimama nikasema nyumbani tumeipanga kitaluni. Ukaniambia nikae, kitalu si hisabati."

Mama yake alijifanya anang'oa magugu. Nimejitahidi sana kuikumbuka siku hiyo. Nakumbuka darasa lilicheka, na mimi nilicheka nao. Alichokisema yeye sikukisikiliza.