Pantalo Tatu ku Balansi

Niseme aibu yenyewe mbele, iishe: nilivua pantalo mbele ya mama-mukwe wangu, ku kiwanja ya aviyo ya Bunia, asubui, batu yote banaangalia. Na kwetu, mbele ya mama-mukwe hata kutafuna muchele unaogopa.

Mama yangu alikuwa mu hopitali ku Kisangani. Balikuwa bamupasue kesho yake, na dokta alikuwa anangojea damu yangu. Vita ilikuwa imetulia, ndiyo, lakini ile wiki kamio zilikuwa zinarudi kutoka njia ya Mambasa, bashofere banakataa kupita. Kulibaki aviyo tu, kuruka juu ya pori.

Zamani, aviyo ilikuwa heshima. Mademoiselle wa ndani ya aviyo anakuambia "Bonjour, papa," anakupatia bombo ya kumumunya na Fanta. Sasa kuko ajenti na filimbi, sawa arbitre wa mupira.

Miye masomo niliacha katikati, lakini ujanja niko nayo. Nilivaa pantalo tatu na makoti mbili, ili sanduku iwe nyepesi.

"Panda ku balansi, tupime kilo," ajenti alisema.

"Sanduku?"

"Weye na sanduku."

Batu balianza kucheka. Miye nikapanda, sanduku ku mukono. Na muke wangu alikuwa amenishindilia sombe ya majani ya muhogo na maini usiku muzima, ati damu iongezeke!

"Unapitisha kilo. Punguza ao ubaki."

"Aviyo ingine ni lini, chef?"

"Uliza mawingu." Akapiga filimbi.

Nilitupa makoti. Bado. Nikavuta pantalo ya juu, zote tatu zikashuka pamoja. Mama-mukwe, mwenye alikuwa amenisindikiza, akajifunika uso na kikwembe, akageuka. Kisha akatoa mukono kwa nyuma.

"Leta mbili, mutoto wangu. Vaa moja, uende. Mama yako hawezi kungoja."

Nilifika. Hata maji hatukupewa njiani, lakini damu ilitoka, na mama akaamuka.

Niliporudi, rafiki yangu mwenye kutengeneza pikipiki alinicheka mpaka akakaa chini.

"Mukubwa, siku ya yenga mama-mukwe wako alitoa ushuhuda mu kanisa. Pantalo hakuitaja. Alisema tu: 'Namushukuru Mungu kwa mukwe wangu, ni mutu hana kitu ya kuficha.' Kanisa nzima ikasema amina. Miye nilitoka inje, nicheke."