Vigae vya Ukutani kwa Mama

Nilipohamia Sydney nilidhani kesi za ardhi nimewaachia baba zangu wadogo, ambao tangu nikiwa msichana wanagombania shamba moja na hawajalima hata kona yake. Kumbe ardhi ina miguu. Ilinifuata hadi mtaa wa Toongabbie, nyumbani kwa mama mmoja mzee wa Kihindi niliyekuwa nikimhudumia asubuhi, nikaichoka kana kwamba ni yangu.

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpaka miguu mafuta, kumpa dawa na kumchemshia chai. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kiingereza. Akanikagua, kisha akauliza, "Wewe natoka Kenya?" Alizaliwa Kisumu, binti wa mwenye duka, akaolewa India akiwa bado msichana, na Kiswahili chake kilibaki palepale alipokiacha, dukani. Mwanawe aliyekuwa akiishi naye hakuelewa hata neno moja, kwa hiyo mambo ya moyoni aliniambia mimi. Kutoka kwake nilikuwa na mzee mwingine Seven Hills, kisha mwingine Blacktown, na miguu yangu nayo ilihitaji mtu wa kuipaka mafuta. Lakini nilimsikiliza.

"Nyumba iko yetu," alinieleza, "lakini chini yake iko ya serikali."

Ukoo wa mumewe ulikodishiwa kile kiwanja na serikali tangu enzi za Mwingereza, katika mji wa kale wenye ngome na malango ya mawe. Wakajenga, wakazaa, wakaozesha. Mkataba ulipokwisha waliomba uongezwe, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri. Huku nyuma mji ulikuwa ukifura. Kiwanja kilichokuwa pembeni kikajikuta katikati, na kila mwenye tumbo akakitamani.

Shida yenyewe ilianza na mkojo. Kituo cha basi kilihamishiwa mbele ya ukuta wao, na wanaume wakaugeuza ukuta choo. Kwetu tungeandika "Usikojoe hapa," na mtu angekojoa huku akiyasoma maandishi. Kwao wana dawa nyingine: unabandika vigae vyenye picha za miungu, usawa wa kiuno, na hakuna atakayethubutu. Mama alivinunua sokoni, mumewe akavibandika kwa saruji. Ukuta ukakauka.

"Mimi nacheka sana," alisema. "Mzee pia nacheka."

Kisha mtu akaacha maua. Mwingine akawasha taa. Mgonjwa wa mtaa wa pili akapona, akaleta kengele. Yakaja mabati ya kivuli, akaja wa kuongoza ibada na mkeka wake, ukuta ukabomolewa kidogo watu wapate nafasi, na hatimaye ikaundwa kamati. Mumewe hakuwazuia. Alifurahi, akisema hakuna afisa atakayeleta tingatinga mbele ya miungu. Alisahau kwamba mgeni wa aina hiyo huwezi kumpa jembe siku ya tatu. Alifariki akiamini ameilinda nyumba, na Mama akaletwa Sydney apumzike kidogo, halafu arudi. Kila asubuhi aliniambia hivyo: mimi narudi. Alikuwa anataka kufia pale alipozalia, na si mahali ambapo hata jirani hagongi mlango mpaka apige simu kwanza.

Serikali ilipoamka, ilisema mkataba uliruhusu makazi tu, na wao wamejenga mahali pa ibada. Kamati ikasema mahali hapo ni pa kale kuliko nyumba yenyewe, na kwamba babu zao walisali hapo. Mwana akawa mtu wa simu na wakili, chakula kikimpolea mezani, saa za kule na za huku zikigombana. Mimi nilipita na beseni langu la maji katikati ya hayo yote.

Wakili akataka Mama arekodiwe akieleza ukweli. Nilimvika sari yake nzuri, nikashika simu kwa mikono miwili, na mwanawe akamuuliza maswali kwa lugha yao. Mama alipomaliza alinifasiria mwenyewe, kwa majivuno.

"Nasema ile picha nanunua mimi, sokoni, sababu watu nakojoa. Hapana babu ya mtu nasali pale."

Nilifurahi kweli. Niliona ukweli umesemwa na mwenye nao, na kesi imekwisha. Nilikwenda Seven Hills nikiimba.

Majibu yalikuja, na sijui nani aliyewafundisha watu wale kusoma. Serikali ilisema: basi mmekiri, mlivunja mkataba kwa mikono yenu. Kamati nayo ikaacha habari za babu zao, ikasema: basi familia ndiyo iliyoitoa ile kona, na kilichotolewa kwa Mungu hakirudishwi. Mahasimu wawili wakapatana juu ya maneno ya bibi mmoja. Nilikasirika. Nyumba si yangu, kesi si yangu, na bado nilitaka kumpiga mtu kofi.

Baada ya hapo tulichoka sote. Mwana alitaja tarehe za kesi kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Mama akawa haniambii tena kwamba anarudi, nami sikuthubutu kumuuliza.

Asubuhi moja nilimkuta mwana hajakwenda kazini, amekaa na soksi zake mbele ya mama yake. Alimwambia kwa lugha yao, kisha akaniambia mimi kwa Kiingereza: mahakama imeipa kamati kiwanja. Nyumba itakuwa sehemu ya hekalu, watu wanaotoka mbali kusali wapate pa kupumzika. Mama hakulia. Aliuliza kitu, akajibiwa, akanigeukia.

"Nauliza kama wao nakubali mimi naingia," alisema. "Yeye nasema, iko hekalu, kila mtu naruhusiwa."

Nikamshika mkono. Akamtazama mwanawe.

"Wao nafunga saa ngapi?" alimuuliza kwa Kiswahili, na mwanawe akanigeukia nimtafsirie.