Kamera Niliyoizima Mabawa

Mume wa shangazi yangu hasikii wala hasemi tangu utotoni. Alizaliwa Pemba, akaja Tanga kijana kutafuta kazi ya useremala, akamwoa shangazi, wakajenga nyumba mtaa wa Mabawa. Ndugu aliyebaki naye ni dada yake mkubwa, ambaye pia hasikii, na anaishi kijijini kwao, si mbali na Wete. Wale wawili wana lugha yao ya mikono waliyoitunga wakiwa watoto. Shangazi anaijua nusu. Mimi nilikuwa najua kula, kulala na njoo hapa.

Kila Ijumaa baada ya sala, mzee huketi mbele ya kompyuta aliyoachiwa na binti yake, na kule Pemba dada yake hushikiwa simu na mjukuu. Huongea mpaka chai ipoe. Ukiwa uani husikii kitu isipokuwa viganja vikigongana na mzee akicheka.

Kompyuta ile ni mimi niliyeiwekea Linux, kwa sababu ilikuwa kuukuu na mfumo wake wa mwanzo ulikuwa mzito kuliko nguvu zake. Nina meza yangu ya kutengeneza kompyuta na simu kwenye duka moja la Ngamiani, kwa hiyo kifaa chochote kikiharibika kwenye ukoo wetu, naitwa mimi. Shida ya ile kompyuta ilikuwa kamera. Mara nyingine ikiwaka tu, mashine nzima inaganda. Jumatatu moja ikawa inaganda kila inapowashwa, na shangazi alikuwa anataka kuchapa masomo ya madrasa anakofundisha.

Kwenye Linux, kiini cha mfumo hakibebi kila kitu mgongoni. Kila kifaa kina kipande chake kidogo cha programu, tunakiita moduli, ambacho kiini hukiita kinapohitajika. Mipangilio ya moduli hizo hukaa kwenye folda iitwayo /etc/modprobe.d, katika mafaili madogo ya maandishi ya kawaida. Nikaandika faili humo, lenye mstari huu: blacklist uvcvideo. Maana yake, moduli ya kamera isiitwe. Kompyuta ikawaka bila taabu, shangazi akachapa masomo yake, nami nikaondoka kwenda Muheza kwenye harusi. Nilikusudia kurudi kabla ya Ijumaa niifungue kamera na kutafuta dawa ya kweli. Harusini nikasahau kabisa.

Ijumaa, nikiwa nimesharudi mezani kwangu, shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, kamera haionyeshi."

Nilikuwa na wateja mbele yangu. "Itakuwa vumbi, shangazi. Mzee afute kioo kwa kitambaa."

"Kashafuta."

"Basi afute tena. Nitapita."

Sikupita. Ijumaa iliyofuata alinipigia tena, nikamjibu yaleyale, tena kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa.

Yaliyokuwa yakitokea pale nyumbani nilikuja kuelezwa baadaye. Mzee alikuwa akimwona dada yake vizuri. Dada alikuwa akiona giza. Alikuwa akiuliza kwa mikono: uko wapi, mbona sikuoni? Mzee akijibu, akipunga, akisogea mpaka pua ikakaribia kioo, na dada anaendelea kuuliza. Shangazi alimpigia mjukuu akamwambia mzee ni mzima. Mjukuu akafikisha, lakini dada hakukubali. Mama yao alipofariki, watu wanaosikia waliwaficha wale wawili habari mpaka maziko yakaisha, wakiona ndiyo huruma. Tangu siku hiyo yule dada haamini uzima wa mtu asiyemwona kwa macho.

Dada akapanda meli kuja Tanga peke yake.

"Njoo sasa hivi," shangazi aliniambia kwenye simu asubuhi ile, akakata.

Nilimkuta mgeni ameketi mkekani, baibui bado mwilini, ameushika mkono wa kaka yake na hauachii, hata mzee analazimika kuongea kwa mkono mmoja. Nikasema shikamoo, halafu nikakumbuka hasikii, nikainama kumpa mkono. Aliugusa kidogo.

Nikaichukua kompyuta. Kioo cha kamera kilikuwa kimechubuka pembeni kwa kufutwafutwa. Hata hapo bado nilikuwa nadhani ni waya umekatika ndani. Nilipoona moduli ya kamera haipo kabisa kati ya zilizoitwa, ndipo nikafungua ile folda. Faili lilikuwepo, na juu ya mstari wa kufungia nilikuwa nimeandika mwenyewe: nitaondoa baadaye.

"Ni nini kumbe?" shangazi akauliza.

Ningeweza kusema kifaa kibovu. Hakuna mle ndani ambaye angejua. "Ni mimi, shangazi. Niliizima mimi siku ile ya kuchapa, nikasahau."

Akawaonyesha kwa kidevu. "Basi waambie wenyewe. Hilo sikutafsirii."

Nikapiga magoti mkekani. Nikajionyesha kifuani, nikaonyesha kamera, nikafumba ngumi, nikafumba macho, nikajigonga kichwa. Mzee alielewa kwanza. Akacheka, akanipiga begani, akanimiminia chai kwa mkono ule uliokuwa huru. Sikuweza kuinywa. Dada yake hakucheka. Aliuachia mkono wa kaka yake kwa mara ya kwanza, akaongea kwa muda mrefu, vidole vikikatakata hewa.

"Anasema," shangazi akasema taratibu, "njia nzima alikuwa anamlilia kama maiti."

Jioni ile nilifuta mstari wangu, nikaandika mwingine unaoanza na neno options, yaani masharti, unaoipunguzia kamera mzigo badala ya kuinyamazisha. Niliwasha na kuzima mara nyingi mpaka nikaridhika. Haikuganda. Kazi yenyewe haikufika hata saa moja.

Mgeni alipoondoka, nilimsindikiza bandarini nikiwa nimebeba mkoba wake. Nilikuwa nimemwomba shangazi anifundishe ishara yao ya kuomba radhi. Kwenye lango nikaifanya. Akanitazama mikono, akavishika vidole vyangu, akavikunja vizuri zaidi, akanirudishia mkono kifuani pale unapotakiwa kukaa. Kisha akachukua mkoba wake, akapanda, bila kunionyesha kama amepokea.