Daraja la Upana wa Mtu Mmoja

Nilipokuwa kazini ng'ambo nilijenga madaraja mawili. La kwanza lilikuwa la chuma, katika nchi yenye vita ambako kikosi chetu kilitumwa kulinda amani. La pili lilikuwa la mbao, huku kwetu upande wa Ndhiwa, juu ya kijito kinachomtenga mama yangu na zahanati anakochukua dawa za presha. Hilo nililijenga kwa simu.

Watu hudhani mhandisi wa jeshi hushinda akilipua vitu. Siku zetu nyingi zilipita tukipima udongo. Asubuhi wenzetu walitangulia kutafuta mabomu yaliyofukiwa, nasi tukafuata tukikanyaga pale walipokanyaga tu. Baada ya hapo kazi ni ileile ya popote: kingo ziwe imara, uzito ujulikane, nati zikazwe. Mizinga ikisikika nyuma ya vilima, tuliendelea kukaza nati.

Mvua za mwaka huo zilisomba gogo ambalo mama alikuwa akilivukia. Nikampigia shemeji yangu, mume wa dada, seremala anayeishi upande wa pili wa kijito. Nilimweleza polepole: nguzo zizame mpaka udongo mgumu, mbao zilale sambamba, kamba ya kushikilia iwe pande zote.

"Upana uwe wa mtu mmoja," nikasema. "Tutaokoa mbao."

Akauliza, "Mmoja tu, shem?"

"Anatosha."

"Sawa. Injinia ni wewe."

Alimaliza kwa siku nne, akanitumia picha. Niliizungusha kambi nzima.

"Mama, umevuka?" nikamuuliza Jumapili.

"Nitavuka."

Jumapili iliyofuata mguu ulikuwa unamuuma. Ya tatu, dada akaniambia dawa zimeisha na mama ameshikwa na kizunguzungu jikoni, akajishika mlangoni asianguke. Nilimpigia mama palepale.

"Unaogopa daraja langu?"

"Daraja ni zuri. Lakini aliyelijenga hupita hapo kila saa. Nikikutana naye katikati, nimpishe wapi? Nimkumbatie mkwe wangu? Ama nirudi kinyumenyume na magoti haya?"

Nilikaa juu ya sanduku la vifaa. Kwetu, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Nimelelewa hivyo, na bado nilichora daraja lisilo na mahali pa kupisha, tena mbele yake kuna kona yenye matete marefu, huwezi kumwona anayekuja.

Nikampigia shemeji. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, shem? Eti panua daraja, nisigusane na mama yako?"

Tulicheka mpaka simu ikalia kuonya kuwa salio linaisha. Kisha nikaanza kumpangia kibaraza cha kupishania katikati, chenye nguzo mbili za ziada na mbao za kukinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hiyo ni kazi ya wiki nzima," akasema. "Mimi nitafyeka matete leo. Nikimwona kwa mbali, nasimama."

Alifyeka pande zote mbili kabla ya saa sita mchana.

Kesho yake simu ya mama ilinikuta nikikagua nati za daraja la chuma.

"Nimetoka zahanati," akasema. "Dawa ninazo, za mwezi mzima. Mkwe alikuwa amesimama ng'ambo ya pili, amenipa mgongo kabisa kama anayehesabu ng'ombe. Hakugeuka mpaka nikafika mbali. Dada yako aliolewa vizuri."

"Na daraja, mama?"

"Halitikisiki." Akavuta pumzi, nilimsikia akiketi. "Na hilo lako la huko kwenye vita. Ukivuka, nani anakusubiri upite?"

Nikatazama ng'ambo ya mto. "Kuna askari mwenye bendera. Husimamisha magari mpaka tupite."

"Ana adabu?"

"Anayo."

"Basi msalimie. Mwambie mama yako amesema ahsante."

Nilivuka, nikamwambia.